Viti 41 vya Seneti ya kwanza: Jinsi wilaya ndogo zilivyopewa sauti, kisha zikaipoteza

Na MWANDISHI WETU

MPIGA kura wa Lamu humchagua seneta mmoja, sawa na mpiga kura wa Nairobi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu na watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Nairobi ina watu zaidi ya mara 30 kuliko Lamu. Hata hivyo, Seneti inapopiga kura kwa kaunti, Lamu huhesabiwa moja na Nairobi ikahesabiwa moja.

Wengi hudhani mpango huu ulizaliwa na Katiba ya 2010. Wazee waliopanga foleni vituoni Mei 1963 wanajua vingine. Kenya iliwahi kuwa na Seneti iliyodumu kwa muda usiotimiza miaka minne. Ilikuwa na viti 41: kimoja kwa kila wilaya miongoni mwa wilaya 40 za wakati huo, na kimoja cha Eneo la Nairobi. Viti hivyo vilifutwa mwishoni mwa 1966, lakini mipaka ya wilaya zenyewe haikufutika. Kwa kiasi kikubwa ndiyo iliyozaa kaunti tulizo nazo.

Kisa cha viti hivyo si cha wanahistoria peke yao. Kina swali ambalo bado linatukabili: ulinzi wa wachache ukishaandikwa katika katiba na kufungiwa humo, ufunguo aachiwe nani?

Hofu ya wachache

Ili kuelewa kwa nini wilaya ilipewa kiti katika bunge la juu, ni sharti turejee kwenye mazungumzo ya Lancaster House jijini London, yaliyofanyika kwa awamu tatu mnamo 1960, 1962 na 1963. Waafrika walikwenda huko wakiwa wamekubaliana kuhusu uhuru. Walichotofautiana ni jinsi mamlaka yatakavyogawanywa baada ya Mwingereza kuondoka.

Kwa upande mmoja kulikuwa na chama cha KANU, chake Mzee Jomo Kenyatta, Jaramogi Oginga Odinga, Tom Mboya na James Gichuru. Chama hiki kilitaka serikali moja yenye nguvu, yenye makao Nairobi. Kwa upande wa pili kulikuwa na KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, Masinde Muliro akiwa naibu wake na Daniel arap Moi akiwa mwenyekiti. Wafuasi wake wengi walitoka Pwani, Bonde la Ufa na sehemu za Magharibi, katika jamii zilizohofia kumezwa na jamii kubwa.

Wahenga walisema wengi wape, wasipopewa hujipatia. Hofu ya KADU ilikuwa hiyo hiyo. Chama hicho kilidai serikali ya majimbo, na katika mkutano wa 1962, ulioongozwa na Waziri wa Makoloni Reginald Maudling, kikapata sehemu kubwa ya madai yake. Hatimaye nchi iligawanywa katika majimbo saba, kila moja likiwa na baraza lake, na Bunge likawa na nyumba mbili.

Nyumba ya chini, Baraza la Wawakilishi, ilikuwa na wabunge 117 waliochaguliwa kutoka maeneobunge, pamoja na 12 wa nafasi maalum. Hapo idadi ya watu ndiyo iliyotawala. Nyumba ya juu, Seneti, ilifuata kanuni nyingine kabisa: wilaya moja, seneta mmoja, iwe kubwa au ndogo.

Wilaya moja, seneta mmoja

Ukubwa wa tofauti baina ya wilaya unaonekana ukitazama sensa ya 1969, ya kwanza baada ya uhuru. Wilaya ya Lamu ilikuwa na watu 22,000 hivi. Kakamega ilikuwa na zaidi ya watu 780,000. Kwa kila mkazi mmoja wa Lamu, Kakamega ilikuwa na 35. Hata hivyo, katika Seneti ya 1963 wilaya hizo mbili zilikaa bega kwa bega.

Kwa wilaya kama Lamu, kiti hicho hakikuwa pambo. Visiwa vya Lamu vilikuwa sehemu ya ule mkanda wa pwani wa maili 10 ambao Waingereza waliutawala tangu 1895 kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar, na ambao bado ulihesabiwa kuwa milki yake. Uhuru ulipokaribia, vuguvugu la Mwambao lilitaka mkanda huo ujitawale au ubaki na Zanzibar. Mwaka 1961, Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza suala hilo, alipendekeza uunganishwe na Kenya. Muungano ulikubaliwa Oktoba 1963, baada ya Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kuafikiana kuhusu uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi na hati za ardhi.

Watu wa mkanda huo waliingia katika taifa jipya wakiwa wachache mno. Katika Baraza la Wawakilishi, sauti yao ingezama. Katika Seneti, ilikuwa sauti moja kamili kati ya 41.

Maseneta walichaguliwa moja kwa moja na wananchi katika uchaguzi uliofanyika kati ya Mei 18 na Mei 26, 1963, ambapo Wakenya walichagua pia mabaraza ya majimbo na Baraza la Wawakilishi. Muhula wa seneta ulikuwa miaka sita, na theluthi moja ya maseneta walitakiwa kustaafu kila baada ya miaka miwili. Lengo lilikuwa kwamba wimbi moja la kisiasa lisiweze kuifagia nyumba nzima kwa siku moja. Miongoni mwa waliochaguliwa alikuwa Clement Lubembe, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyewakilisha Eneo la Nairobi. Kiti cha Spika kilimwendea mwana wa Pwani, Timothy Muinga Chokwe, huku Humphrey Slade akiongoza nyumba ya chini.

Kufuli ya asilimia 90

Katika utungaji wa sheria za kawaida, Seneti haikuwa na nguvu nyingi. Iliweza kuuchelewesha mswada, si kuuzika, na masuala ya fedha yalikuwa ya nyumba ya chini. Nguvu yake halisi ilikuwa kwingineko, katika vifungu vya kurekebisha katiba.

Ili kubadilisha katiba, serikali ilihitaji robo tatu ya wabunge wote katika kila nyumba. Kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vile vya haki za kimsingi, mfumo wa majimbo, ardhi za jamii na Seneti yenyewe, robo tatu ilitosha katika nyumba ya chini, lakini katika Seneti zilihitajika kura za asilimia 90.

Hebu tupige hesabu. Asilimia 90 ya maseneta 41 ni 36.9, kwa hivyo zilihitajika kura 37. Maana yake ni kwamba maseneta watano tu wangeweza kukataa na mabadiliko yakakwama. Wilaya tano ndogo, ambazo kwa pamoja hazikufikia nusu ya wakazi wa Kakamega, zingeweza kuizuia serikali iliyoungwa mkono na mamilioni. KANU kilishinda uchaguzi wa 1963 na Mzee Kenyatta akawa Waziri Mkuu Juni 1 mwaka huo, lakini katika Seneti KADU kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya idadi ya viti vilivyohitajika kuzuia mswada wa aina hiyo.

Ukiisoma katiba ile peke yake, ungeapa kwamba wilaya ndogo zimejengewa ngome isiyobomoka.

Viti vitatu vitupu

Ngome hiyo ilikuwa na pengo tangu siku ya kwanza. Jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, liliundwa Machi 1963, miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Wilaya zake zilikuwa tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Kila moja ilitengewa kiti cha Seneti kama wilaya nyingine yoyote.

Wakazi wengi wa huko hawakukitaka kiti hicho. Tume iliyotumwa eneo hilo mwaka 1962 ilikuwa imeripoti kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Serikali ya Uingereza ilipoamua kuwa eneo lisalie Kenya, waliususia uchaguzi. Mei 1963 ikapita bila viti vile vitatu kujazwa. Desemba mwaka huo, wiki chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hilo, na Vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967. Moto wake ulifika hata sehemu ya bara ya Wilaya ya Lamu, ambako Wabajuni wengi walihama vijiji vyao.

Hapa ndipo udhaifu wa kwanza wa Seneti unapoonekana. Kiti humlinda aliyekubali kukikalia. Kwa mtu asiyetaka kuwa ndani ya nyumba hiyo, usawa wa viti haukuwa jibu.

Kufuli yafunguliwa

Udhaifu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Ufunguo wa kufuli ile ya asilimia 90 ulikuwa mikononi mwa watu 41, na watu hubadilika.

Baada ya uhuru, serikali iliyanyima majimbo fedha na watumishi yaliyohitaji ili kufanya kazi. Wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Aliyekaa upinzani hakuwa na la kuwapelekea watu wake, ilhali aliyevuka alikaribishwa serikalini. Serikali nayo ilitangaza kwamba ingewaendea wananchi kwa kura ya maoni iwapo Seneti ingeukataa mpango wa kuifanya nchi kuwa Jamhuri. Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni akatangaza kuwa KADU kimevunjwa na wanachama wake wanajiunga na KANU.

Siku hiyo kufuli ilifunguka bila kuvunjwa. Hakuna kifungu kilichokiukwa, wala seneta hata mmoja aliyefukuzwa. Maseneta walikuwa wale wale na wilaya zao zile zile, ila hawakuwa tena na sababu ya kusema hapana. Desemba 12, 1964, Kenya ikawa Jamhuri, Mzee Kenyatta akawa Rais na majimbo yakapokonywa sehemu kubwa ya mamlaka yake.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1965 katiba ilirekebishwa tena. Kiwango cha kuibadilisha kilishushwa hadi asilimia 65 katika nyumba zote mbili, na ile asilimia 90 ya Seneti ikaondolewa. Badala ya kura 37, sasa zilitosha 27. Kiwango cha kuidhinisha hali ya hatari nacho kilishushwa hadi wingi wa kawaida wa kura. Majimbo yakaitwa mikoa na mabaraza yake yakageuzwa kuwa ya mikoa, kabla ya kufutwa kabisa mwaka 1968.

Kura ya kujizika

Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais na kuongoza chama kipya cha KPU. Wabunge na maseneta kadhaa walimfuata. Serikali ilipitisha haraka sheria iliyomlazimu aliyekihama chama kilichomdhamini kurudi kwa wapiga kura. Chaguzi ndogo 29 zikafanyika Juni mwaka huo, 19 za Baraza la Wawakilishi na 10 za Seneti. KPU kilipata viti tisa, viwili kati yavyo vikiwa vya Seneti.

Kwa historia ya wilaya, jambo hilo lina uzito wake. Seneta alikuwa amechaguliwa ili kuisemea wilaya yake. Sheria ya 1966 ilimfanya kwanza kuwa mtu wa chama. Akikihama chama, kiti kinatangazwa wazi. Seneti ikawa mfano mdogo wa nyumba ya chini, na wengi wakaanza kuuliza faida ya kuwa na nyumba mbili zinazosema kitu kimoja.

Mwishoni mwa 1966 ukaletwa mswada wa kuziunganisha. Maseneta hawakuachwa mikono mitupu. Maeneobunge 41 mapya yangeundwa, kila seneta angekuwa mbunge katika nyumba moja mpya, na uhai wa Bunge ungeongezwa hadi 1970 badala ya kumalizika 1968. Aliyeupinga mswada alipigania nyumba iliyokwisha kupoteza nguvu. Aliyeuunga mkono alijihakikishia kiti bila kampeni. La kuvunda halina ubani. Seneti iliupitisha mswada uliokuwa hati ya kifo chake, na mwaka 1967 Bunge likaketi kama nyumba moja ya wabunge 158 wa kuchaguliwa na 12 wa nafasi maalum.

Mipaka iliyobaki

Je, wilaya zilipoteza kila kitu? La. Zilipoteza usawa, lakini zilibaki na mipaka na zikaacha alama katika ramani ya uchaguzi.

Alama ya kwanza ni yale maeneobunge 41. Kwa kuwa kila wilaya ilikuwa na seneta mmoja, nyongeza hiyo ilizifaa zaidi wilaya ndogo kwa uwiano. Wilaya yenye mbunge mmoja ikipata wa pili, uwakilishi wake huongezeka maradufu. Yenye wabunge wanane ikipata wa tisa, tofauti ni ndogo. Hesabu ya maeneobunge 158 ilitumika katika uchaguzi wa Desemba 1969 na chaguzi zilizofuata hadi ule wa 1983, kisha yakaongezwa hadi 188 katika uchaguzi wa 1988. Ndiyo maana malalamiko kwamba maeneobunge yenye watu wachache yana kura sawa na yenye watu wengi si ya juzi wala jana.

Alama ya pili ni wilaya yenyewe. Mkuu wa wilaya aliendelea kuwa mkono wa serikali, na mwaka 1983 utawala wa Rais Moi, yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa KADU, uliifanya wilaya kuwa kitovu cha mipango ya maendeleo. Tofauti ni kwamba safari hii wilaya ilipokea maagizo kutoka juu.

Wilaya zingine zilizaa nyingine. Vihiga ilitokana na Kakamega, Nyamira ikatokana na Kisii, Bomet ikakatwa kutoka Kericho na Makueni kutoka Machakos. Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992 ilitambua wilaya 46 pamoja na Nairobi. Baadaye zilitangazwa wilaya nyingine nyingi kwa amri za Rais, lakini Septemba 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba zilizoundwa nje ya sheria ile hazikuwa halali. Waandishi wa katiba mpya walipotafuta vitengo vya ugatuzi, orodha ya 1992 ndiyo iliyosimama. Wilaya 46 ukijumlisha na Nairobi unapata kaunti 47. Lamu, Kwale, Turkana, Samburu, Garissa, Wajir na Mandera, zote zilizotengewa kiti cha Seneti mwaka 1963, zimo kwa majina yao yale yale.

Ufunguo wahamishwa

Wakenya waliipitisha katiba mpya katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010. Seneti ikarejea baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, ikiwa na maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa: wanawake 16, wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Katika masuala yanayogusa kaunti, kura hupigwa kwa wajumbe wa kaunti, kila kaunti ikiwa na kura moja.

Faida ya usawa huo ilionekana mwaka 2020. Mfumo mpya wa kugawa fedha, uliotegemea zaidi idadi ya watu, ungezipunguzia mgao kaunti nyingi za maeneo kame na za Pwani. Maseneta wa kaunti hizo, wakishirikiana na wenzao, walikataa kikao baada ya kikao. Agosti mwaka huo watatu kati yao walikamatwa na polisi, jambo lililozidisha joto. Muafaka ulipatikana Septemba 17, 2020: mfumo mpya haungeanza hadi fedha za kaunti ziongezwe kutoka Sh316.5 bilioni hadi Sh370 bilioni, ili pasiwe na kaunti inayopoteza. Katika nyumba ya idadi ya watu peke yake, ni vigumu kuona jinsi kaunti hizo zingepata muafaka huo.

Lakini tofauti kubwa kati ya 1963 na 2010 haiko katika hesabu ya viti. Iko mahali ufunguo ulipowekwa. Katiba ya uhuru iliuweka mikononi mwa maseneta, kwa kiwango cha juu cha asilimia 90, na ndani ya miaka miwili kiwango hicho kilikuwa kimeondolewa. Katiba ya sasa, katika Kifungu cha 255, inasema kwamba malengo na muundo wa ugatuzi hauwezi kubadilishwa na wabunge peke yao. Ni lazima wananchi waulizwe katika kura ya maoni, wapiga kura wasiopungua asilimia 20 wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na walio wengi waunge mkono.

Asilimia 20 katika nusu ya kaunti inaonekana kiwango hafifu ukiilinganisha na asilimia 90 ya maseneta. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuwashawishi maseneta 37 wavuke upande wa pili wa ukumbi kuliko kuwashawishi wapiga kura wa kaunti 24 waamini kwamba hawana haja ya sauti yao. Maseneta wa 1966 walikuwa na viti vya kubadilishana. Mkazi wa Lamu au Mandera hana kiti cha kupewa. Akiitwa kupiga kura hiyo, atakachotazama ni hospitali, barabara na kisima vilivyoletwa, au ambavyo havikuletwa, na kaunti yake.